Njoo, Njoo, Kulia Kidogo

Jumanne, 10 Juni 2025

Leo nimezunguka dunia mara mbili kabla ya chai. Hapahapa Kabuku! Dukani kwa mjomba Mbwana, katikati ya waya za chaji na rundo la redio mbovu. Mjomba anatengeneza redio. Mimi nachaji simu za watu, naingiza nyimbo kwenye fleshi, napiga picha za pasipoti. Mteja akikosekana narusha chombo. Ni ile programu ya bure ya vyombo vya anga. Siyo gemu la risasi, hayo ya watoto. Hii ni hesabu tupu: mvuto, mwendo, mafuta. Ukikosea unapotelea gizani na hakuna wa kukuita.

Kidato cha pili niliachia njiani. Mwalimu wa hesabu alisema sitafika popote. Mwalimu, shikamoo — nimepita juu ya Brazili asubuhi hii, nikasinzia kidogo, nikaamka niko Uchina!

Shida ni kupaki. Kukiunganisha chombo na kituo kinachoelea huko juu. Skrini ya mjomba imekufa nusu ya chini, nyeusi tii, na vioo vya mwongozo vinakaa hukohuko chini. Umbali sioni. Mwendo sioni. Mwingine angelia. Mimi naunda kioo changu — cha kusema! Programu inaruhusu uongeze vifaa vyako mwenyewe, unaviandika kwa lugha yao inaitwa Lua. Nimejifunza kwenye simu, kwa Kiingereza cha kuungaunga.

Wazo ni la kiutingo. Si nilikuwa utingo kwenye lori la machungwa la Fransisko? Lori likirudi nyuma dereva haoni kitu. Utingo anasimama nyuma anaita: njoo, njoo, kulia kidogo, taratibu, simama! Anapiga bodi. Basi na chombo changu kitakuwa na utingo wake, amesimama mlangoni mwa kituo, anakiita.

Sauti yangu nimejaribu. Mbuzi mtupu. Nitamwomba Shamimu, binti wa Mzee Salimu, wa hapo uchochoroni ubavuni mwa duka. Jirani tu. Rafiki.

(Muongo wewe, Sabiri.)

Alhamisi, 12 Juni

Kaja! Na khanga mpya, au mimi ndiye sijawahi kuiona. Mjomba alikuwa ameenda kuswali adhuhuri. Nikampa simu, nikamwambia sema kila neno mara tatu, usicheke. Akacheka.

"Kulia. Kushoto. Juu. Chini. Taratibu. Simama." Halafu namba za mita. Halafu "njoo". Halafu la mwisho kabisa, pale chombo kinapogusa mlango: "karibu".

Hilo la "karibu" alilisema mara moja tu, akakataa kurudia. Eti limetosha.

Akaniuliza, sasa huyo dereva wako ataiamini sauti yangu? Nikamwambia dereva ni mimi, na mimi siamini mtu. Akasema, ndiyo, naona. Kisha akawa anachezea kifuniko cha simu mbovu, haondoki. Nikamwambia kazi imekwisha, ahsante, nitakutaja nikipata umaarufu. Akasema hivi — naandika maana nisipoandika nitasahau: "Mwambie mjomba wako aje nyumbani Jumapili, baba atakuwepo. Usisahau, Sabiri. Aje yeye."

Hapo nikakumbuka. Redio! Redio ya Mzee Salimu imekaa hapa tangu kabla ya mfungo. Aibu kweli. Nikamwambia mwambie mzee asiwe na wasiwasi, Jumapili kitu kinafika kizima!

Akaniangalia. Akatabasamu sana. Akaondoka mbio.

Watu wanapenda redio, dah.

Jumapili, 15 Juni

Mjomba kapeleka redio. Nimeisafisha mwenyewe mpaka inang'aa, nikaifunga kwenye mfuko mpya. Karudi amevimbiwa. Anasema amekuta pilau ya kuku, chai ya hiliki, mkeka mpya, na Mzee Salimu kavaa kanzu. Na kaka mkubwa wa mzee ametoka Misima! Kwa ajili ya redio! Mjomba anasema hajawahi kupokewa hivyo tangu aanze ufundi. Akawawashia, ikashika kila stesheni, akala, akaaga.

Nikamuuliza, walifurahi?

"Walinyamaza," akasema. "Nadhani walikuwa wanasikiliza."

Alhamisi, 19 Juni

Kioo kimeanza kusema! Nimekaa na mistari ya Lua mpaka macho yanatoka machozi. Nilichukua umbali, nikachukua mwendo, nikachukua chombo kimeegemea upande gani, kila kimoja nikakipa sauti yake. Nikaweka spika kubwa ya mjomba, ile ya matangazo. Nikawasha.

"Mita mia mbili. Njoo. Njoo. Kulia."

Mama yangu! Leboo, yule rafiki yangu Mmasai, alikuwa kwenye benchi anachaji simu, shuka lake na fimbo yake, ametoka kunywesha ng'ombe. Akasimama. "Ero," — ndivyo Wamasai wanavyomwita kijana — "nani yuko ndani ya kabati?"

Nikaenda kulia. "Kulia," akasema Shamimu. Nikaongeza kulia. "Kulia. Kulia. Kulia." Chombo kikazidi kwenda pembeni, kituo kikanipita ubavuni kama basi la moja kwa moja linavyopita Kabuku, nikabaki nje peke yangu. Nikarudia. Hivyohivyo. Kadiri ninavyomtii ndivyo ninavyopotea.

Leboo anasema huyo msichana anakudanganya. Nikamwambia, wewe chunga ng'ombe. Akasema ng'ombe wangu angalau wanarudi nyumbani.

Shamimu hajapita dukani wiki nzima. Nilitaka asikie.

Jumanne, 1 Julai

Nimepekua kila mstari. Hesabu ni sawa. Sawa kabisa! Umbali sawa, mwendo sawa, juu na chini anasema kweli. Kulia na kushoto ndiyo hapana. Nimeuliza kwenye ukurasa wa watengeneza vifaa duniani, Mrusi mmoja kanijibu niangalie mhimili wangu. Mhimili wangu uko wima, Mrusi, angalia wako.

Watoto wa kitaa wameishika ile sauti. Spika ilikuwa juu mno. Sasa Shamimu akipita na ndoo wanapanga mstari: "Mita kumi! Njooo, njooo, taratiiibu!" Nimewatimua mara mbili. Ya kwanza nilicheka kidogo kabla ya kuwatimua. Na yeye aliniona nikicheka.

Nikamwita. Hakugeuka.

Alhamisi, 3 Julai

Leboo ndiye kaleta habari, kana kwamba ni habari ya mvua. Jana kulikuwa na wageni kwa Mzee Salimu, wazee kutoka Korogwe. Wamekuja kumposa Shamimu kwa ajili ya mtu anaitwa Hiza. Ana duka la vipuri Manundu, hukohuko Korogwe.

Nikasema hongera zao.

Nikasema yeye ana vipuri, mimi nina sayari.

Leboo hakucheka. Ndipo nikajua uso wangu umekaa vibaya.

Jumamosi, 5 Julai

Mjomba alikuwa ameshika pasi ya kulehemu waya, redio ya mtu iko wazi mezani. Ghafla akaizima pasi. Akasema, taratibu kabisa:

"We mtoto. Ile Jumapili. Nani alisema niende?"

Nikasema Shamimu.

"Alisema nipeleke redio?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Alisema uje, nikasema. Alisema baba atakuwepo.

Mjomba akakaa kwenye kigoda. Akavua kofia. "Mkeka mpya," akasema. "Kanzu. Baba mkubwa katoka Misima. Na mimi mshenga mzima nikakaa pale nawatafutia stesheni!"

Akaiweka kofia mapajani.

"Walikuwa wananisubiri nifungue mdomo. Wenye binti hawawezi kuuliza, watauliza vipi? Nikafungua mdomo — nikaomba pilipili."

Akaanza kucheka, kisha hakucheka tena. Akaniambia, mpwa wangu, ungeniambia unampenda. Ungesema neno moja tu. Nikamjibu sijawahi kusema nampenda mtu. Akasema hilo ndilo ninalolia nalo.

Nikamwambia twende leo. Sasa hivi, mimi na wewe, na baba yangu aje kutoka shamba. Akatikisa kichwa. Mahari imepokelewa, wamekula, wameomba dua. Ndoa ni Nane Nane.

Mteja akaja kuchaji simu. Nikaichomeka. Nilikuwa nimechomeka waya upande usio na umeme, nimeona jioni.

Jumatatu, 14 Julai

Nilikwenda Korogwe. Mjomba nimemdanganya nafuata kebo. Nilitaka kumwona tu huyo Hiza. Njia nzima nilipanga maneno. Nilikuwa nayo makali, ya kumfanya afunge duka ahamie Dindira akachume chai na baridi imle.

Duka lina bango jipya. Yeye mwenyewe yuko kaunta, kijana wa kawaida, kidevu kirefu, mikono ina grisi. Nikakifurahia kile kidevu. Akasema, karibu ndugu yangu, unatafuta nini?

Maneno yote yakakimbia. Nikasema natafuta taa ya kurudi nyuma.

Ya gari gani?

La angani.

Akacheka. Akacheka vizuri, siyo ya dharau, akanisogezea kiti. Akaniuliza hilo gari likirudi nyuma linarudi wapi. Nikajikuta namweleza! Kituo, mlango, kioo cha kusema, vijeti vidogo vya kukisukuma chombo pembeni. Anauliza maswali ya mtu anayesikiliza. Sauti ya nani, akauliza. Nikasema ya jirani.

Nilitegemea kumchukia. Hata hilo limenishinda.

Jumapili, 27 Julai

Sijarusha chombo wiki nzima. Nafungua tu lile faili la "njoo". Natega sikio kwenye spika, nimeipunguza sana. Baada ya neno kuna pumzi yake, na kwa mbali lori linapita barabarani. Lori la kweli. Siku hiyo nilikuwepo.

Nimekonda, mama mmoja mteja kaniambia. Nikamwambia ni mvuto mdogo.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike polepole.

Alikuja. Mchana kweupe, mdogo wake kamsimamisha nje. Mjomba akakumbuka ana mtu wa kumwona, akatoka. Shamimu akasema anataka picha za pasipoti. Za nini, nikauliza — mpumbavu. Akasema za sheikh, za cheti.

Nikamsimamisha mbele ya kile kitambaa cha buluu. Nikainua kamera. Hakukaa katikati. Nikamwambia, sogea kulia kidogo. Akasogea — akatoka nje ya picha kabisa.

"Kulia, Shamimu!"

"Si ndiyo kulia hii?" Akainua mkono wenye bangili.

Ulikuwa wa kulia. Wa kwake. Kwangu mimi ni kushoto.

Nikaganda. Yuko uso kwa uso na mimi! Lori linarudi kinyumenyume, utingo na dereva wanatazama upande mmoja, kulia ni kulia. Lakini chombo hakirudi nyuma! Chombo kinakuja na pua mbele. Utingo wangu kasimama mlangoni anakitazama usoni, anaita kulia yake mwenyewe! Wiki zote hizi!

"Alama ya kutoa!" nikapiga kelele. "Mstari mmoja! Alama ya kutoa!" Nikaruka kaunta, nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua Lua, nikatafuta mstari, nikaandika kile kijistari. Kimoja tu! Nikapiga meza. Nikacheka peke yangu.

Kisha nikageuka.

Bado amesimama mbele ya kitambaa cha buluu. Mikono ameishusha.

"Umemaliza?"

Nikasema nimemaliza.

"Basi nisikilize na mimi."

Akasema watoto wanamwita Mita Kumi. Akasema mama yake hatoki tena kwenda kisimani. Akasema anakwenda kuishi kwa watu, hataki sauti yake ibaki inaita ovyo kwenye duka la watu. Niifute. Yote. Kabla hajaolewa.

Nikasema sawa. Nikasema itafutika. Ningenyamaza hapo. Lakini mimi ni mimi, nikamwambia, lakini hiyo sauti ungenipa hata kwa…

"Nilikuambia mlete mjomba," akasema. "Ukaleta redio."

"Si inashika stesheni zote?" nikasema.

Ndivyo nilivyosema! Huo ndio mdomo wangu. Dunia nzima ilikuwa inanisubiri niseme jambo moja, nikasema stesheni.

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu anayefunga mlango wa nyumba aliyohama, anahakikisha hajasahau kitu ndani. Akauliza, picha zitakuwa tayari lini? Nikasema kesho, atume mtu.

Picha nimetoa. Macho yametoka mekundu kidogo. Programu ina kitufe cha kurekebisha macho mekundu. Sikukibonyeza.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme hakuna tangu asubuhi. Mdogo wake kaja kuchukua picha. Nimempa, akaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Umeme umerudi, kichwa hakijarudi. Kwao wanapika. Harufu ya vitunguu inaingia mpaka dukani. Wanawake wanaimba, na vigelegele. Mjomba kawasha redio tatu kwa pamoja ili nisisikie. Namheshimu kwa hilo.

Nimeahidi nitafuta. Nitafuta. Lakini sijawahi kusikia "karibu" likitoka pale linapotakiwa. Hilo neno halijawahi kufika mahali pake. Chombo kipaki mara moja tu. Mara moja, kisha nafuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeswali Ijumaa mstari wa mwisho nikarudi moja kwa moja dukani. Ndoa ni baada ya alasiri, nyumbani kwao. Leboo yupo kwenye benchi na simu yake. Nikamwambia leo sirushi kwa mchezo. Akasema, najua. Spika kubwa nimeichomoa, nimevaa ya masikioni.

Mita mia mbili. Njoo. Kulia. Nikaenda kulia — na mlango wa kituo ukaja katikati! Kijistari kimoja! Kushoto kidogo. Taratibu. Alikuwa anasema kweli muda wote. Mimi ndiye nilikuwa nimemsimamisha upande mbaya.

Kila neno lilipomaliza kazi yake nikasimamisha programu, nikalifuta faili lake. "Juu" limekwenda. "Chini" limekwenda. Kompyuta inauliza kila mara, una uhakika? Inauliza kama mama. Mita hamsini, nimezifuta. Mita ishirini. "Kulia" na "kushoto" nimezifuta kwa pamoja, chombo kimenyooka, sizihitaji tena. "Taratibu" niliisikiliza mara mbili kabla ya kuifuta, na "simama" ikaifuata.

Mita mbili. Nikasimamisha, nikaifuta nayo. Yamebaki mawili tu: "njoo" na "karibu".

Hapo honi zikaanza barabarani. Watu wa Korogwe wamefika! Koasta imepambwa maua, na gari dogo jeupe mbele. Mwisho wa uchochoro hakuna pa kugeuzia, kila mtu wa hapa anajua, gari lazima liingie kinyumenyume. Dereva mgeni. Akajaribu, akakwama. Akajaribu tena, akagonga ndoo ya mtu. Wanawake wanacheka, watoto wanapiga kelele kila mmoja lake.

Mjomba akaingia mlangoni. Alisita. Akasema kwa sauti ya chini, Sabiri, wewe ndiye pekee hapa uliyekuwa utingo. Usipotaka usiende, nitamwambia unaumwa.

Nikavua zile za masikioni. Nikaenda.

Nikasimama nyuma ya gari jeupe, mgongo wangu kwenye mlango wa Mzee Salimu. Nikainua mikono. Sauti ikatoka yenyewe.

"Njoo! Njoo, njoo! Kulia kidogo. Kulia! Nyoosha. Njoo. Taratibu…"

Watoto wakanyamaza. Hata wale wa Mita Kumi. Nyuma yangu, ndani, nyimbo zikapungua, nikajua Shamimu yuko dirishani au nimejidanganya tu. Gari likaja polepole, tairi halikugusa ukuta hata mara moja. Kazi safi. Fransisko angenisifu.

Nikapiga bodi. "Simama!"

Kioo cha dirisha kikashuka. Kanzu, joho, na kile kidevu. Akanitazama, uso ukamfunguka. "Aa! Wewe si ndiye wa taa ya gari la angani?"

Nikasema ndiye.

"Ahsante sana, ndugu yangu. Ungekosekana wewe tungelala hapa."

Kisha akaniuliza, na chombo chako je, kimeshafika?

Nikamwambia bado. Bado kidogo.

Sasa nimerudi, naandika hapa kaunta. Mjomba kafunga mlango wa mbele nusu, anajifanya anatafuta skrubu chini ya meza. Leboo hajaondoka, simu yake imejaa zamani. Kituo kipo kwenye skrini, mlango wake umejaa mbele yangu, mviringo, mweupe. Mita mbili. Nikibonyeza chombo kinasogea, na likishasemwa lile "karibu" nimeahidi nalifuta, na "njoo" pamoja nalo.

Adhana ya alasiri inaanza. Leboo anauliza, ero, mbona huendi?

Kidole kiko kwenye kitufe. Nimeshavaa za masikioni.